Kidole Hakuguna

Kwa miaka kumi na tisa yule mama alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa, akiunganisha simu. Watu walimwita Opereta, na hata swichibodi ilipong'olewa na kila daktari akaanza kutembea na simu yake mfukoni, jina halikumtoka. Alikuwa mfupi, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha, na ulipomsemesha aliinamisha kichwa upande wa kulia. Wageni walidhani ni adabu. Waliomfahamu walijua kwamba maneno yako anayasikiliza nusu tu, na nusu iliyobaki anasikiliza sauti yako.

Kazi ile ilimfundisha kwamba mtu hana sauti moja. Daktari mpasuaji aliyekuwa akimfokea muuguzi kwa sauti ya kifuani, ukimuunganisha na mkurugenzi dakika hiyo hiyo sauti inapanda puani, inakuwa nyembamba, inacheka mahali pasipo na kichekesho. Opereta aliweza kukwambia nani anaongea na nani bila kusikia jina la mtu. Na hivyo ndivyo alivyomjua mumewe. Siku moja simu ya mume iliita, mume akapokea, akasema maneno matatu tu: "Ndiyo. Nipo. Sawa." Opereta alikuwa anapiga pasi. Akaizima, akalikunja shati vizuri, akauliza, "Anaitwa nani?" Mume aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Miezi minne baadaye ikajulikana kwamba huyo mwanamke yupo, na mtoto yupo.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia Opereta kwamba anashuku bure. Alishuku barua, alishuku mizani ya sokoni, alishuku watu wanaocheka kabla ya kusema. Alipoachika alihamia uani kwa mdogo wake wa kike, chumba kimoja na baraza, na kwa mwaka mzima alikaa hapo bila kazi akishuku majirani.

Aliyemtafutia kazi alikuwa shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake. Shemeji alikuwa mrefu, mkimya, miguu kama ngazi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mfuatiliaji katika kituo cha utafiti wa sokwe, kwenye msitu ulioanzia pale barabara ya lami inapoishia. Kazi yake ilikuwa kumfuata sokwe mmoja tangu asubuhi hadi jioni na kujaza fomu: saa ngapi, yuko na nani, anafanya nini, ametoa sauti gani. Kituo kilikuwa pia kimefunga vinasa sauti juu ya miti, na sauti zilizonaswa zilijaa kabati zima bila mtu wa kuzisikiliza. Shemeji ndiye aliyemwambia mkuu wa kituo, "Mimi nina shemeji yangu ana masikio. Mjaribuni."

Wakamjaribu. Chumba cha kusikilizia kilikuwa cha mbao, meza moja, kompyuta moja, feni inayogonga kila inapozunguka, na hedifoni nyeusi ambazo sponji yake imeliwa. Mwezi wa kwanza Opereta alisikia fujo tupu. Mwezi wa pili akaanza kuwatenga mmoja mmoja. Mwezi wa tatu alikuwa anawajua kama alivyowajua madaktari, na alipogundua kwamba mambo ni yale yale alicheka peke yake mpaka mfagiaji akachungulia.

Dume kubwa waliliita Chifu. Kila sokwe wa chini akimkaribia Chifu alitoa mguno mfupi wa kuhemea, hu-hu-hu, ambao kituoni waliuita mguno wa salamu. Chifu mwenyewe hakumgunia mtu. Kidole, dume kijana aliyepoteza kidole kimoja kwenye mtego wa waya, alikuwa bingwa wa kuguna. Aliguna kabla hata hajafika. Akipata matunda akiwa na rafiki zake alipiga kelele za furaha. Akiyapata Chifu yuko jirani, alikula kimya kama mtu mwenye njaa kwenye msiba. Hata kilio kilikuwa na akili yake. Sokwe akipigwa, na pembeni yuko mkubwa anayemzidi yule anayempiga, kilio kinarefuka na kupanda, kama mtoto aliyeanguka akamwona mama yake mlangoni.

"Hawa nao!" Opereta alimwambia shemeji yake siku hiyo. "Wote wanaongea na simu ya mkurugenzi."

Shemeji alimtazama mdomoni, akatabasamu.

Utaratibu ulikuwa kwamba Opereta asikilize kwanza bila kuona fomu, aandike anachosikia, kisha mwisho wa mwezi alinganishe na fomu za wafuatiliaji. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa saba daftari lake na fomu za shemeji zilikubaliana kama mapacha. Mwezi wa nane zikaachana.

Fomu ya Jumanne moja ilisema hivi: saa tatu na dakika arobaini, mkuyu wa bondeni, Kidole amemkaribia Chifu, mguno wa salamu. Opereta alikuwa na sauti ya mkuyu huo huo, saa hiyo hiyo. Akairudisha mara sita. Majani, tawi, mtu anakohoa mbali, tunda linaanguka. Mguno hakuna. Na dakika tano baadaye Kidole, ambaye kwa mujibu wa fomu alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwa Chifu, alipiga mwito mrefu kwa koo lote, na wengine wakamwitikia. Kidole huyu wa kula kimya! Haiwezekani. Labda Chifu hakuwepo. Na kama Chifu hakuwepo, aliyeandika fomu naye hakuwepo.

Akafukua fomu za wiki nne. Mara kumi na moja fomu ilisema mguno wa Kidole, mara kumi na moja kinasa kilikaa kimya.

Hakumwambia mtu. Aliwasha feni, akakaa, akaanza kumfikiria shemeji yake kama alivyokuwa akimfikiria mumewe zamani, kipande kwa kipande. Inawezekana anaingia msituni saa moja asubuhi, anatafuta kivuli, anafungua chupa ya chai, na fomu anaijaza kichwani. Miaka kumi na minne mtu anaweza kuchoka. Asubuhi iliyofuata alitoka barazani mapema akakagua buti zake za mpira. Zilikuwa na tope mpaka juu. Opereta aliona tope limezidi. Nani anarudi na tope la kiasi hicho kama si anayetaka lionekane?

Nyumbani nako akaanza kuona mambo. Shemeji alikuwa ameacha kusikiliza mpira redioni, yeye aliyekuwa akigombana na mtangazaji kama wanaonana. Sebuleni alikuwa sasa anakaa kwenye kiti cha kuelekea mlango, mgongo ukutani, kama mtu anayengoja kukamatwa. Ukimwita kutoka jikoni haitikii, na mkewe anaitikia kwa niaba yake, haraka haraka: "Amechoka, dada. Muache." Ukimsemesha uso kwa uso anakukodolea mdomo mpaka ujisikie una kitu kwenye meno. Na mara mbili Opereta aliingia jikoni akamkuta mdogo wake kasimama karibu sana na mumewe, wanaongea kwa ishara na vinywa vipana. Walipomwona, wakanyamaza.

"Mnanisema?" aliuliza.

"Tukuseme una nini, dada?" mdogo wake alijibu, na sauti yake ilikuwa imepanda puani.

Hiyo ndiyo iliyomaliza. Kesho yake Opereta alibeba daftari na fomu kumi na moja akaenda ofisini kwa mkuu wa kituo.

Mkuu alikuwa mtu mwembamba, wa kufuta miwani hata ikiwa safi. Miaka ya nyuma mfanyakazi mmoja alimpikia takwimu, naye akazisoma mbele ya watu waliozijua kuwa za uongo, na tangu hapo alikuwa haamini hata kalenda. Alisikiliza sauti zote kumi na moja. Kisha akavua hedifoni.

"Aliyekuleta hapa ni yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Unaishi uani kwake."

"Kwa mdogo wangu."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi nikuulize wewe. Nitajuaje kwamba sikio lako ndilo zima na fomu ndiyo mbovu?"

Opereta hakuwa amefikiria kwamba anayeshuku naye anashukiwa. Mkuu aliagiza shemeji aitwe. Shemeji alikuja, kofia mkononi, akamwona Opereta, akaziona fomu, uso ukambadilika. Mkuu aliinuka akaenda dirishani, akawapa mgongo, akauliza akitazama nje: "Jumanne ile, kwenye mkuyu wa bondeni, ulikuwepo au hukuwepo?"

Shemeji hakujibu. Alisimama tu, macho yakihama kati ya mgongo wa mkuu na uso wa Opereta, kama anayeomba kitu. Feni ya ofisini haikugonga, na hilo lilikifanya kimya kiwe kirefu zaidi.

"Nimekuuliza," mkuu alisema, bado dirishani.

Mkuu aligeuka. "Sawa. Anayenyamaza kanijibu. Lakini nataka kuona kwa macho. Kesho mnaingia wote wawili, wiki nzima. Yeye anajaza fomu, wewe unashika kinasa. Ijumaa mniletee, na msikae pamoja mnapoandika."

Jioni ile mdogo wake hakupiga hodi. Aliusukuma mlango, akasimama katikati ya chumba.

"Dada. Umetuuza?"

"Nimesema nilichosikia."

"Ulichosikia! Wewe umesikia mangapi maishani, na lipi lilikuletea raha?" Machozi yalimtoka lakini hakuyafuta. "Ungeniuliza mimi. Chumba kwa chumba. Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Kuna nini cha kuuliza?"

Mdogo wake alifungua kinywa, akakifunga, akatoka. Opereta alibaki akijiambia kwamba aliyefungua kinywa na kukifunga ana jambo.

Asubuhi waliingia msituni, shemeji mbele, Opereta nyuma na kinasa kifuani. Hawakusalimiana zaidi ya lazima. Ilimchukua nusu saa tu kuona kwamba sehemu moja ya shaka yake haikuwa na miguu: huyu mtu alikuwa anaujua msitu kama anavyojua uani kwake. Alisoma unyayo, ganda la tunda, tawi lililokunjwa, na kabla ya saa tatu walikuwa wamekaa chini ya mkuyu wa bondeni na sokwe tisa juu na kando yao, wasiowajali hata kidogo. Opereta aliwaona kwa mara ya kwanza. Miezi minane alikuwa anawajua kwa masikio. Sasa alikuwa anajaribu kuzivalisha sauti nyuso. Chifu alikuwa mkubwa lakini mwenye mvi mgongoni, amekaa chini ya shina. Kidole alikuwa mwembamba kuliko sauti yake.

Shemeji alikaa hatua mbili mbele ya Opereta, ubao wa kuandikia gotini, darubini shingoni. Kidole akateremka, akatembea moja kwa moja hadi kwa Chifu, akapita karibu naye, mdomo ukitafuna tunda. Shemeji akatazama saa, akaandika. Opereta alinyoosha shingo akasoma: mguno wa salamu.

"Hakuguna," alisema.

Shemeji aliendelea kuandika.

"Shemeji. Hakuguna huyo. Anatafuna."

Hakugeuka. Opereta alihisi hasira. Yaani ananidharau mchana kweupe, porini, tukiwa wawili? Ndipo juu yao jike mmoja akapiga ukelele mkali, tawi likavunjika, na sokwe wote wakageuza vichwa kwa pamoja. Shemeji naye akageuza, lakini baadaye. Baada ya wao. Aliwaona wamegeuka, ndipo akageuka.

Opereta aliogopa alichokuwa anataka kufanya. Kisha akainama nyuma ya mgongo wa shemeji yake na kusema kwa sauti ya kawaida, taratibu, "Shemeji, kuna nyoka kando ya mguu wako."

Yule mtu alifungua ukurasa mpya, akapuliza vumbi, akaandika tarehe.

Opereta aliinuka, akazunguka, akachuchumaa mbele yake. Shemeji alimtazama mdomoni kama kawaida yake, akisubiri. Machozi yalikuwa yamemjaa Opereta, na shemeji alipoyaona aliweka kalamu chini.

"Mke wangu kakwambia?" aliuliza.

Opereta alitikisa kichwa kukataa.

"Tangu lini?" Opereta aliuliza kwa midomo tu, bila sauti, na yule mtu akajibu.

"Miaka miwili. Sikio la kulia lilikufa kwanza. Kushoto nasikia kama mtu yuko chini ya maji." Alizungumza kwa sauti ya juu kidogo, na Opereta akashangaa jinsi alivyowahi kuidhania kuwa sauti ya kiburi. "Ningesema wangenitoa. Mfuatiliaji asiyesikia ni wa nini?"

"Na sauti ulizoandika?"

"Nawajua, shemeji. Nikijua nani yuko na nani, najua atasema nini. Mdogo akienda kwa mkubwa, ataguna. Rafiki akimwona rafiki yuko mbali na matunda yapo, ataita. Natazama mdomo, natazama aliyekaa karibu, naandika. Sikuwa nakosea." Akamkazia macho. "Nilikosea?"

Opereta alifikiria miezi mitano ya daftari na fomu zilizokubaliana kama mapacha, zilizoandikwa na mtu asiyesikia. Akainua vidole vyote kumi, kisha kimoja. Akamwonyesha Kidole, akafunga mdomo wake kwa mkono. Haguni tena. Wiki nne.

Shemeji aliwageukia sokwe. Aliwatazama kwa muda mrefu bila darubini: Kidole aliyejilaza mahali pazuri pa kivuli, majike wawili wakimchambua manyoya, na Chifu peke yake chini ya shina. Alishusha mabega kama mtu aliyepewa habari ya kifo cha rafiki.

"Basi Chifu ameangushwa," alisema. "Ameangushwa, nami niko hapa hapa namwandikia salamu."

Hapo Opereta angependa kusema kwamba alimwamini moja kwa moja. Hakumwamini. Njia nzima ya kurudi alimjaribu: aliangusha funguo nyuma yake, alipiga chafya, alimwita kwa jina la utani la ujana ambalo lilikuwa linamchukiza. Yule mtu hakugeuka hata mara moja. Na alipofika kwenye lango la kituo alisimama, akasema bila kumtazama, "Umemaliza? Maana nilikuwa nakiona kivuli chako kinavyoruka."

Opereta aliona aibu, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, wote wawili wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Opereta alimwambia shemeji kwamba hatakwenda kwa mkuu kusema siri ya mtu mwingine, lakini Ijumaa ikifika hatasema uongo pia. Shemeji aliomba apewe mwezi mmoja. Opereta akakataa. Ijumaa shemeji aliingia ofisini peke yake na kulisema jambo mwenyewe. Mkuu alimsikiliza, akafuta miwani, akamwita Opereta.

"Wiki iliyopita mwongo alikuwa yeye," alisema. "Leo mmeniletea kiziwi. Mmepatana?"

Alimpeleka shemeji hospitali kupimwa, na hakutosheka na cheti cha kwanza, akataka cha pili. Vyeti vilisema kitu kimoja. Ndipo akakaa na fomu za miaka miwili. Safu ya sauti aliifuta yote kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, na shemeji alikaa mbele yake akitazama. Lakini safu ya nani amekaa na nani, nani amemchambua nani, nani amempisha nani njia, hiyo haikuguswa, kwa sababu wafuatiliaji wengine wawili walikuwa wameandika yale yale. Humo, kwa macho matupu, kuanguka kwa Chifu kulikuwa kumeanza kuonekana wiki tatu kabla mguno haujakatika: majike walishaanza kuhama upande. Shemeji aliyaandika yote hayo bila kujua ameandika nini. Na Opereta alikuwa na ukimya wa Kidole bila kujua umetoka wapi. Mkuu aliziweka karatasi za shemeji na daftari la Opereta sambamba mezani, akasema hawezi kumtoa mmoja akabaki na maana ya mwingine.

Kwa hiyo siku tatu za wiki wanaingia wote wawili. Shemeji ana kifaa sikio la kushoto, ambacho hakipendi kwa sababu, asemavyo, kinamsikilizisha shati lake mwenyewe. Mdogo wake Opereta anampikia dada yake kama zamani, anamsalimia kama zamani, ila Opereta akiingia jikoni ghafla bado anakuta mazungumzo yamekatika katikati, na safari hii hana wa kumuuliza kwa nini, maana anajua.

Mwanzoni mwa masika walikuwa kwenye ukingo wa kijito. Kidole alikuwa amekaa juu ya jiwe. Chifu alitokea kwenye nyasi, akasogea polepole, akainama, na Opereta akausikia mguno: hu-hu-hu, wa chini, wa kukwaruza, kutoka kwa sokwe ambaye katika miezi yote ya hedifoni hakuwahi kumgunia mtu. Alimgusa shemeji begani, akamwonyesha Chifu, akatikisa kichwa kukubali: ndiyo, amemgunia.

Shemeji alimtazama yeye, kisha akamtazama Chifu mdomoni, kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi.

"Huniamini?" Opereta aliuliza.

"Nakuamini, shemeji," alisema. "Nangoja arudie."

Wakangoja. Chifu alisogea hatua nyingine, midomo ikatokeza mbele, kifua kikapanda na kushuka. Shemeji akatazama saa yake, akaandika.